Nyongeza ku Depo ya Didier

Nyumba yangu ya Saio, hapa Bunia, ilikaa miaka miwili na kuta bila mabati. Bwana yangu Alphonse alikuwa mujengaji. Alisimamisha kuta yeye mwenyewe, vyumba vitatu na saloni, kiisha akafa mbele ya kuweka mbao za juu. Tangu hapo nilikuwa nalala mu chumba kimoja chini ya bashi, ile turubai ambayo watu wa misaada walitupa wakati tulikimbia vita ya Djugu. Vyumba vingine vilikuwa wazi mpaka mbinguni. Majani yalimea ndani. Mbuzi ya jirani yangu Domitille ilikuwa inaingiaka kula, na miye sikuifukuza, juu ya vile mu ile nyumba yote tulikuwa tunapumua siye wawili tu.

Nilizaa watoto wanne. Wawili wako mu udongo. Gustave iko Mongbwalu, anachimba zahabu, na anakumbukaka kupiga telefone wakati anagonjwa. Wa mwisho ni Régine. Régine iko Canada, mu muji wa Montréal, huu ni mwaka wa tisa. Kazi yake ni kuosha wazee na kuwalisha, mu nyumba moja kubwa ambako watoto wao wanawaachaka. Kule alizaa mutoto mwanamuke, Gracia, mwenye miaka saba. Gracia ananiita Koko, ni kusema nyanya, mu telefone. Najua uso wake na sauti yake. Harufu yake siijui.

Régine anapigaka siku ya tatu, ile ya Jumatano, na siku ya yenga, ile ya Jumapili, mbele ya kwenda ku kazi. Kwake ni asubuhi, kwangu ni saa saba ya mchana. Siku hizo mbili siendi mbali na nyumba. Zile zingine naendaka ku kanisa, naendaka ku soko ya Rwambuzi kununua samaki kidogo, narudi, nafagia pahali ambapo nilifagia jana.

Basi, siku moja ya mwezi wa saba, Régine akaniambia kwamba benki moja ya kule ilimupa karte mupya ya krediti. Alinielezea polepole, kama vile anaelezeaka wazee wake. Ile karte, alisema, pesa haiko ndani. Unanunua leo, benki inalipa, weye unarudisha kila mwezi. Hiyo niliielewa mara moja. Hata ku kiduka cha Domitille tunakamataka sabuni hivyo. Kitu kipya kilikuwa kingine. Mutu akinunua vitu vya deux mille, ni kusema dolari elfu mbili, mbele ya miezi tatu ya kwanza kuisha, benki inamupa zawadi. Zawadi yenyewe wanaiita pointi. Na zile pointi zilitosha tiketi moja ya ndege, kwenda na kurudi, kutoka Montréal mpaka Entebbe, kule Uganda, karibu na siye.

Nilimuuliza ni benki gani inapandisha mutu mu ndege juu alienda ku duka. Akacheka.

— Wanatafuta nibaki na deni yao, Mama. Ni ile tu. Lakini siye tutawashinda akili.

Mpango wake ulikuwa hivi. Kila mwezi alikuwa ananitumia pesa kidogo kwa ajili ya mabati, na kila mwezi ile kidogo ilikuwa inaliwa na dawa ao na chakula. Sasa ataacha kutuma kidogo kidogo. Atanunua paa yote siku moja, na ile karte. Miye nitapata nyumba, yeye atapata tiketi. Tiketi ya Gracia alikuwa ameisha kuiwekea pesa pembeni, mwaka muzima. Kwa Noeli watakuwa Bunia, wote wawili.

Nilimwambia arudilie, juu reseau ya telefone ilikuwa mubaya.

— Noeli, Mama. Tutakula Noeli kwako.

Reseau ilikuwa muzuri kabisa. Nilitaka tu kusikia ile neno mara mbili.

Mu Bunia, ku barabara ya biashara, kuko depo ya mutu mumoja anaitwa Didier. Anauzisha mabati, simenti, mbao, misumari, milango ya chuma. Alphonse alikuwa anamuletea wateja, na walikuwa wanachekeshana sana juu ya bei. Siku hizi Didier alifungua paji, ukurasa wa internet mu telefone, ambako mutu aliye inje ya inchi anachagua vyombo vya kujenga na kulipa na karte, na familia yake inaenda kukamata hapa. Wateja wa Ubelgiji, wa Canada, wa Australia, wote wanapita pale. Yeye anasemaka: inje analipa, ndani anabeba.

Fundi Lucien alikuja kupima nyumba. Aliandika hesabu yake ku kipande cha karatasi, miye nikaipiga picha na kuituma kwa Régine. Mabati, mbao, misumari, ilifika dolari elfu moja na mia nane na kitu. Haikufika ku mupaka wa benki. Régine akaongeza mulango wa chuma kwa chumba chake. Bado. Akaongeza mbao nyembamba za plafo kwa chumba cha Gracia, juu mutoto hajazoea kulala anatazama mabati uchi. Pale ikafika deux mille dix-neuf.

— Imepita, Mama, akaniambia. Dolari kumi na tisa juu. Ni kidogo, lakini imepita.

Alilipa tarehe makumi mbili na tatu ya mwezi wa tisa. Miezi tatu ya benki ilikuwa inaisha tarehe makumi tatu. Ile karte akaiweka chini kabisa ya sanduku ya nguo, asiiguse tena, juu deni ya paa peke yake ilitosha kumuamusha asubuhi. Chakula chake na cha Gracia akaendelea kununua na pesa ya mushahara.

Tarehe makumi mbili na tisa, siku ya pili ya juma, Didier akaniita: vyombo viko tayari. Nikavaa pagne yangu, kitenge ya kanisa, nikaenda na Lucien.

Sasa musikilize vizuri. Kwetu mama hatokaka mu duka bila nyongeza. Ukinunua fungu ya samaki, mwenye kuuzisha anatupa kamoja juu. Ukinunua pagne sita, wanakukatia kitambaa. Mutu anayelipa na kuondoka kimya, nyuma yake wanasema pesa yake huyu aliiokota. Na tena, mu ile kazi yote ya paa, miye sikutoa hata franka moja. Mutoto alilipa yote, kwa kugeuza wazee mu kitanda asubuhi na mangaribi. Nilijiambia: hata miye nifanye kitu. Nilikuwa najua mupaka wa benki. Alinielezea mara tatu. Lakini mu kichwa yangu karte ilikuwa imeisha kulipa, mambo ya benki yalifungwa, na ile iliyobaki ilikuwa kati yangu na Didier.

Nilimukuta nyuma ya meza, na chai. Nikamusalimia, nikauliza habari ya muke wake na ya watoto wake, mumoja mumoja. Kiisha nikakaa.

— Mama Régine, akasema, camionnette iko inje, vyombo viko ndani. Juu ya nini unakaa bado?

— Nangoja nyongeza yangu.

— Nyongeza gani tena? Ile ni bei ya internet. Internet haipatanaka.

— Internet haikumujua Alphonse, nikamwambia. Weye ulimujua.

Akaangalia chini, akacheka. Akamwambia Falone, dada wa kuandika mafaktire ya wateja, anipe kilo mbili za misumari. Nikamwambia kilo mbili ni ya mutu anayefunika nyumba ya kuku. Watu waliokuwa mu depo wakacheka. Muzee mumoja aliyekuja kununua simenti akasema, patron, toa kitu, huyu mama hajakuja kucheza. Didier akaongeza kilo mbili zingine. Nikashukuru, nikabaki nimekaa. Nikamuomba maji ya kunywa. Akaniuliza kama ku nyumba hawaningoji. Nikamwambia hapana, hakuna mutu ananingoja, ninaweza kukaa pale mpaka mangaribi. Hiyo haikuwa ujanja wa soko. Ilikuwa kweli, na nafikiri alisikia kwamba ni kweli, juu aliacha kucheka.

— Bon, akasema. Soixante. Nakurudishia dolari soixante, Mama, na usiseme kwa mutu.

Makumi sita. Alphonse mwenyewe hakupata hata siku moja makumi sita kwa Didier. Akafungua sanduku ya meza, akahesabu, akaninyoshea pesa.

Hapo ndipo kosa yangu iko. Sikuikamata. Nilimwambia ile pesa si yangu, miye sikulipa kitu, airudishe kule ilitoka, mu karte ya mutoto wangu. Falone akasema inawezekana, ni kubonyeza mara mbili tu. Didier akaniuliza kama niko hakika. Nikasema niko hakika. Nilitaka Régine afungue telefone yake siku moja aone makumi sita imerudi, ashangae, aulize, na miye nimwambie ni mama yako aliyeipata.

Kesho yake ilikuwa siku ya tatu, tarehe makumi tatu. Régine akapiga saa saba kama kawaida. Tuliongea juu ya mvua, juu ya meno ya Gracia yanayotoka, juu ya Lucien aliyekuwa ameisha kupanda juu ya kuta. Makumi sita ilikuwa ku ulimi yangu, nikaifungia pale. Nilitaka aione yeye mwenyewe. Kama ningesema ile siku, ilikuwa bado asubuhi kwake, angeenda ku duka kununua viatu, nyama, kitu chochote, na ile karte. Sikusema. Nilikuwa na furaha sana na siri yangu.

Lucien alifunika nyumba siku sita. Mbuzi ilikuja, ikakuta mulango umefungwa, ikarudi. Nilifua mapazia mawili. Ku kanisa niliwaambia wamama kwamba kwa Noeli nitakuwa na wageni, na wakaniuliza mutoto wa kule anakulaka nini, na miye nikajibu kama mutu anayejua.

Katikati ya mwezi wa kumi, telefone ililia siku ya kwanza, ni kusema Jumatatu. Haikuwa siku yake. Nilikamata na mikono yenye sabuni.

Régine aliongea mbio. Pointi hazikukuja. Aliita benki mara mbili, wakamuwekea muziki dakika makumi ine, kiisha binti mumoja akamwambia kwamba mu miezi tatu alinunua vitu vya mille neuf cent cinquante-neuf, ni kusema elfu moja mia tisa makumi tano na tisa. Haikufika. Depo ilirudisha soixante siku moja mbele ya mupaka, na kwa benki, pesa iliyorudi ni kama haikutoka. Aliwaomba. Alisema ni kidogo ile imepunguka, alisema ni kwa ajili ya mama yake. Yule binti alimuhurumia sana, na hakubadilisha kitu.

— Nani alimuambia Didier arudishe? Régine akasema. Miye sikumuomba kitu. Yule mutu ni mujinga ao ni mwizi, Mama, sijui ni ipi. Nilimuandikia ku paji yake. Wote wa inje wasome, waogope.

Miye nilikuwa nimesimama na sabuni inakauka ku vidole. Nilisema tu, ee mutoto wangu. Akasema anachelewa kazi. Akakata.

Nilienda ku depo na miguu, sikutafuta moto, pikipiki ya kunibeba. Nafikiri nilitaka njia ikuwe ndefu. Didier alikuwa peke yake na Falone. Niliweka juu ya meza makumi sita, pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya kununua kuku wa Noeli na muchele, na ingine niliyokopa kwa Domitille. Nikamuomba aikamate, aandike kwamba hakurudisha kitu.

Alitoa lunette yake ya macho, akaisafisha na shati, muda murefu. Nikamuelezea habari ya pointi na ya tiketi. Falone akageuza uso kule kwenye mabati.

— Mama, Didier akasema, pesa naweza kukamata. Tarehe siwezi.

Akanisukumia pesa yangu. Kiisha akanionyesha telefone yake: maneno ya Régine, mistari mitatu, na chini yake watu wawili wa Ubelgiji wanauliza kama ni kweli, kama hii depo inachezaka na karte za watu. Nikamuuliza juu nini hakujibu. Angeweza kuandika kwamba mama ndiye aliomba.

— Nitaandika namna gani ile juu ya mama wa mutu? akasema. Niliwaza, weye utamwambia.

Siku ya tatu nilikaa mu chumba cha Gracia tangu saa tano. Ni chumba muzuri. Lucien alipiga plafo vizuri, hakuna pahali jicho linaona bati. Kitanda haikukuwa. Nilikaa chini, mugongo ku ukuta, telefone ku magoti. Nilikuwa naogopa kama mutoto anayengoja fimbo ya mwalimu, miye, mwenye miaka sitini na nane. Niliwaza kwamba mutu anayenipigia mu dunia hii ni mumoja tu, na kwamba akikasirika, siku ya tatu na siku ya yenga zitakuwa kama siku zingine.

Ikalia. Sikungoja salamu.

— Régine, usimuandikie Didier tena. Ni miye.

— Weye namna gani?

— Nilienda kuomba nyongeza. Alikataa, nikakaa, nikamulazimisha. Makumi sita ni miye niliipata. Na ni miye nilisema irudi mu karte yako.

Nilisikia bisi inafungua milango, watu wanapanda. Nilisikia Gracia anauliza mu Kifaransa kama ni Koko, na mama yake anamwambia akae vizuri.

— Siku gani? Régine akauliza.

— Tarehe makumi mbili na tisa.

— Tuliongea tarehe makumi tatu, Mama.

— Ndiyo.

— Na haukusema.

— Nilitaka uione weye mwenyewe. Nilitaka ufurahi.

Sikusema samahani mara nyingi, nilisema mara moja tu, juu nikiisema mara nyingi ni yeye atapaswa kunituliza miye, na hiyo haikuwa haki. Nikamuuliza juu ya Noeli. Akasema Noeli hapana. Pesa ya tiketi ya Gracia ataiingiza mu deni ya karte, ili ipunguke. Labda mwaka kesho, mwezi wa saba, wakati masomo yanafungwa. Labda mwaka mwingine. Aliongea kama anamuelezea muzee mumoja wa kwake kwamba leo hakuna matembezi. Polepole, na sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliniumiza. Ningependa anifokee.

Nikamwambia afute yale maneno yake ku paji. Akasema atayafuta sasa hivi, mbele ya kushuka. Nilidhani sasa atakata. Hakukata.

— Mama, akasema. Yule Didier, Papa alikuwa anasema hatoi hata msumari uliopinda. Ulifanya namna gani mpaka atoe soixante?

— Si kitu. Niliomba tu.

— Nielezee. Nina vituo kumi mbele ya kushuka.

Basi nikamuelezea. Nikaanza na pagne niliyovaa, na Lucien aliyebaki inje anaogopa kuona haya. Nikamuambia habari ya internet ambayo haikumujua papa yake. Nilipofika ku nyumba ya kuku, nikasikia sauti yake inakatika, alikuwa anacheka ao analia, ku telefone vinafanana. Gracia akauliza kuna nini. Régine akamutafsiria: Koko alimuambia muuzaji kwamba ile ni misumari ya nyumba ya kuku. Na yule mutoto akacheka, kicheko ya kweli, ya mutu ambaye anaona jambo mbele yake. Sikuwahi kumuchekesha mbele ya siku ile. Kila mara tulikuwa tunaambiana bonjour, na habari ya masomo, na kwaheri.

Nikaendelea. Nikaiga sauti ya muzee wa simenti. Nikaiga Didier anavyovuta pumzi mbele ya kusema bon. Nilisimama hata, nikaonyesha na mukono namna alihesabu pesa, miye ninajua hawanioni. Nilisema, sasa akaninyoshea ile makumi sita, Régine, mu mukono kabisa, pesa safi, na miye unajua nilimujibu nini. Nikangoja aulize.

Hakuuliza. Niliondoa telefone ku sikio, nikaiangalia. Ilikuwa imezimika. Batri iliisha, sijui ku neno gani.

Waya wa kuchaji telefone ulikuwa mu chumba kingine, lakini ile siku umeme haukukuwa tangu asubuhi. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba cha Gracia na mukono wangu ungali mbele, kama mutu anayekataa kitu. Ilikuwa imebaki kidogo tu ya ile habari, ile sehemu ambayo hajaisikia bado. Nilikuwa nimeisha kuianza. Nikaimalizia pale, kwa sauti, mpaka mwisho.